Kuomba upolisi Tanzania mpaka kufika depo Moshi: anza na makaratasi, mbio baadaye

Mambo vipi wakuu. Mimi nina steshenari, na kila tangazo la ajira za polisi likitoka hapa dukani panageuka kituo cha daladala. Vijana wamejazana mpaka nje, mmoja kashika bahasha ya vyeti, mwingine yuko kwenye simu anamwambia mama yake aipige picha cheti cha kuzaliwa amtumie WhatsApp, na siku ya mwisho ndo balaa kabisa maana mfumo unakuwa mzito, unabonyeza kinazunguka tu kile kiduara. Nimeshawajazia watu wengi mno hizi fomu, halafu mdogo wangu wa damu kapita humo humo mpaka depo, yaani shule ya polisi, Moshi, sasa hivi ni konstebo, kwa hiyo nitakayoandika ni mchanganyiko wa niliyoyaona kwenye kompyuta yangu na yale aliyonisimulia dogo. Na niseme mapema, watu wanadhani upolisi unakosewa uwanjani kwenye kukimbia. Wapi. Wengi wanaukosea kwenye makaratasi, tena miezi kabla tangazo lenyewe halijatoka.

Tuanze na sifa, maana hapa watu wanapenda kujidanganya. Nachukulia tangazo la 2024 kama mfano, ila likitoka lako soma lako, usisome la mwaka juzi ulilolikuta kwenye grupu. Uwe Mtanzania wa kuzaliwa na wazazi wako pia. Umri miaka 18 mpaka 25 kwa kidato cha nne, cha sita, astashahada na stashahada, wenye shahada wanaenda mpaka 30. Urefu mwanaume futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 4. Usiwe na rekodi ya uhalifu, usiwe umetumia madawa ya kulevya, usiwe na michoro mwilini (ile tatuu ndogo ya jina la demu kwenye bega nayo ni mchoro, usiniulize tena). Usiwe umeoa au kuolewa, usiwe na mtoto. Uwe tayari kufanya kazi popote Tanzania, na gharama za kwenda kwenye usaili ni zako mwenyewe, nauli, kulala, kula, zote.

Kwenye matokeo ya kidato cha nne wengi wanateleza. Tangazo lilisema daraja la kwanza mpaka la nne, vijana wakishaona hilo neno "la nne" wanakimbilia dukani kuaplai. Hawamalizii sentensi. Hilo daraja la nne lilikuwa la pointi 26 mpaka 28 tu, wakati daraja la nne la NECTA linaanzia 26 linaenda mpaka 33. Kwa hiyo ukiwa na nne ya 29 umetoka nje kwa pointi moja, na mimi nikishakujazia hela yangu ya huduma nimeshapata, ila wewe umepoteza muda. Kidato cha sita walitaka la kwanza mpaka la tatu.

Kuhusu urefu, usiende kupimwa na kamba ya mtaani ukaridhika. Futi 5 na inchi 8 ni karibu sentimita 173, futi 5 na inchi 4 ni karibu 163. Dogo nilimpima mwenyewe nyumbani: miguu peku, visigino vimegusa ukuta, kichwa wima anaangalia mbele asinyanyue kidevu, nikamwekea daftari gumu kichwani likae sawasawa na ukuta, nikachora alama kwa penseli, halafu nikapima toka sakafuni kwa tepu ya fundi seremala. Sio ya fundi cherehani, ile imelegea. Asubuhi alisoma 174 na kidogo, jioni ya siku hiyo hiyo akasoma 173 kavu, akaanza kutetemeka. Ni kawaida, mtu anapungua kidogo kutwa nzima akiwa amesimama. Kwa hiyo kama uko pale pale kwenye mstari jipime jioni ndo ujue ukweli wako. Na wale wanaouza vidonge vya kuongeza urefu mtandaoni, achana nao, hela hiyo nunua raba.

Sasa makaratasi.

Toa namba yako ya NIDA uiangalie. Ina tarakimu 20, na zile nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka halafu mwezi halafu siku. Yaani ukizaliwa tarehe 7 mwezi wa tatu 2004 inaanza na 20040307. Sasa weka cheti cha kuzaliwa pembeni yake. Vinafanana? Watu wengi hawajawahi kufanya hiki kitu cha dakika moja. Mimi mwenyewe nilikuwa naitaka sana hiyo kazi enzi zangu, na nilipokuja kuangalia vizuri cheti kinasema mwaka mmoja, namba ya NIDA inasema miaka miwili nyuma, kwa sababu siku ya kujiandikisha nilijaza fomu kwa haraka huku naongea na simu. Nilianza kuhangaika kurekebisha tangazo likiwa limeshatoka, siku zikaisha bado niko kwenye foleni. Ndo maana leo nauza rimu za karatasi.

Majina nayo. Cheti cha shule kinasema Hamisi Ally, cha kuzaliwa Hamis Ali, NIDA kuna Hamisi Ali Juma. Kwako wewe ni mtu mmoja, kwa anayekagua ni watu watatu. Kama ni herufi tu nenda kwa wakili akuandikie kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kama jina zima ni tofauti kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa, na NIDA wenyewe wana utaratibu wa kusahihisha taarifa. Hakuna hata kimoja hapo kinachokamilika kwa siku mbili. Na tangazo likitoka mnapewa wiki moja, zikizidi mbili. Piga hesabu.

Kama cheti chako cha kuzaliwa ni cha zamani kile cha kuandikwa kwa mkono kimechanika kwenye mikunjo, kashughulikie RITA sasa hivi usisubiri. Vyeti vya shule vitafute vilipo, kuna watu vyeti viko kwa mjomba Kahama na mjomba hapokei simu. Vikishapatikana skani vyote rangi, kila kimoja faili lake la PDF, vipe majina yanayoeleweka. Usiniletee faili linaitwa "IMG mpya mpya 3". Faili likiwa zito mfumo unalikataa, kwa hiyo lipunguze ukubwa lakini hakikisha maandishi bado yanasomeka, zuumu uone kama namba ya cheti inaonekana. Na ukipiga kwa simu usipige usiku kwenye taa ya bluu ya sebuleni huku kivuli cha mkono kimelala juu ya jina.

Barua ya maombi inaandikwa kwa mkono wako, halafu inaskaniwa inaambatishwa. Kwa mkono maana yake kwa mkono, nimeona watu wananiomba niwachapie kwa fonti inayofanana na mwandiko, jamani. Na usimpe dada yako mwenye mwandiko mzuri, siku ya usaili ukiambiwa andika sentensi mbili hapa utasema nini. Karatasi safi, kalamu ya wino, ukurasa mmoja. Juu kulia anwani yako na namba ya simu inayopatikana, tarehe, kisha kushoto:

Mkuu wa Jeshi la Polisi,
S.L.P. 961,
DODOMA.

YAH: MAOMBI YA AJIRA KATIKA JESHI LA POLISI

Halafu mwili wa barua. Usianze na "natumaini u mzima wa afya", hiyo ya kumuandikia bibi. Anza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", sema wewe ni nani, una miaka mingapi, unatoka wapi, umemaliza elimu gani mwaka gani, una ujuzi gani wa ziada (leseni ya udereva, uuguzi, kompyuta, ufundi umeme, hata kupiga tarumbeta, polisi wana bendi), sema uko tayari kwenda mafunzo na kupangiwa kituo popote. Funga, saini, jina. Basi. Kijana mmoja aliandika kurasa tatu kuhusu jinsi alivyoibiwa simu Kariakoo na uchungu alioupata, ni kweli inauma ila haikuwa mahali pake.

Maombi yanaingia kwenye mfumo wa ajira wa polisi wenyewe, ajira.tpf.go.tz. Hawapokei kwa posta wala kupeleka bahasha mkononi kituoni. Unafungua akaunti, unajaza taarifa zako, unaambatisha vitu. Tumia barua pepe yako mwenyewe, narudia, yako, sio ya steshenari! Kuna watu wanakuja baada ya miezi miwili wanataka kuingia kwenye akaunti, barua pepe ni ya kijana aliyekuwa anafanya kazi hapa na ameshahama mji. Nenosiri liandike nyuma ya daftari nyumbani. Ukishatuma ingia tena kesho yake uangalie kama kweli maombi yanaonekana yamekwenda, maana kuna wanaojaza mpaka mwisho wanaacha kubonyeza kitufe cha kutuma. Na fanya mambo siku mbili tatu za mwanzo, usiku wa manane au alfajiri mtandao ukiwa mwepesi.

Baada ya hapo unasubiri, na hapa ndo wanapoingia wale jamaa. Utapigiwa simu, sauti nzito, "naitwa afande fulani kutoka makao makuu, jina lako nimeliona ila kuna wakubwa wanaleta majina yao, tuma laki tatu nilishikilie". Kaka, dada, kuomba upolisi ni bure. Hamna fomu ya kuuzwa, hamna jina la kushikiliwa. Mtaani kwetu mzee mmoja aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mtu wa hivyo, namba ikazimwa siku ile ile. Ukipigiwa hivyo TAKUKURU namba yao ni 113, haikatwi salio. Majina ya kuitwa yanatoka hadharani kwenye tovuti ya polisi, polisi.go.tz, PDF ndefu yenye majina na mahali pa kwenda. Mimi huwa naiprinti naibandika ukutani, lakini jitafute mwenyewe kwenye faili la tovuti, sio kwenye picha uliyotumiwa na binamu.

Kuna kitu kingine wengi wanauliza, JKT. Kuna miaka polisi wamechukua vijana moja kwa moja kutoka makambi ya JKT, kuna miaka tangazo linakuwa la wote. Kwa hiyo kama una miaka 19 na hauna la kufanya, kujitolea JKT ni njia nzuri, hata usipopata upolisi unapata mwili na nidhamu, na majeshi mengine nayo yanaangalia huko.

Usaili. Soma tangazo la kuitwa mpaka nukta ya mwisho, linasema uje na nini na wapi. Vyeti halisi vyote, sio kopi peke yake, NIDA, na nguo za michezo maana utapimwa urefu, utakaguliwa mwili, utakimbizwa. Kuna maswali ya kuandika na kuna kukaa mbele ya meza. Dogo anasema maswali ya mezani sio magumu, ugumu ni hofu. Alimwona mtu mbele yake kaulizwa mkoa wake una wilaya ngapi akanyamaza kimya, kijana wa hapo hapo mkoani! Jua mkoa wako, jua viongozi (IGP, yaani Mkuu wa Jeshi la Polisi, ni Camillus Wambura tangu 2022, hili usikosee kabisa), jua kazi ya polisi ni kulinda usalama wa raia na mali zao, na ukiulizwa kwa nini upolisi usiseme ajira ngumu mtaani. Kila mtu anajua ajira ngumu.

Daktari naye yupo. Macho, masikio, miguu, presha, mkojo. Kama unajijua unavuta bangi "kidogo tu wikiendi" mwili unakumbuka kuliko wewe. Na lile suala la mtoto, mabinti wanalipata kibano zaidi maana kwao linaonekana, wavulana wanaoacha watoto kwao wanapita wanacheka. Naliona sio haki, ila ndo hali ilivyo.

Mwili usianze kuuandaa siku ukiona jina. Miezi mitatu kabla, mchakamchaka asubuhi, siku nne kwa wiki zinatosha. Wiki mbili za kwanza changanya kutembea na kukimbia, ukianza na kilomita kumi siku ya kwanza magoti yatakuambia. Ongeza taratibu mpaka kilomita tano hazikutishi, halafu pushapu, kuruka kichura, kuning'inia. Zoea kuamka saa kumi alfajiri bila alamu, hilo litakusaidia kuliko misuli. Na zoea kula haraka. Sitanii, dogo anasema depo chakula sio tatizo, tatizo ni dakika.

Ukishachaguliwa unaenda Shule ya Polisi Tanzania, Moshi, watu wengi bado wanaiita CCP. Hapo unaitwa kuruti. Barua ya kuitwa itataja vya kubeba, nguo za michezo, mashuka, chandarua, bima ya afya na mengine, beba vilivyotajwa na usiongeze begi la tatu. Na simu, ACHA NYUMBANI. Kuna utaratibu wa shule wa kuwasiliana na nyumbani, ukikutwa na simu unafukuzwa, wameandika kabisa. Mama yangu alikaa wiki kadhaa hajasikia sauti ya mwanae akawa analala na simu chini ya mto, siku alipopiga kwa utaratibu wa huko akaongea kama dakika mbili, sauti imekauka kama ya mtu aliyetoka mpirani, akasema "mama niko salama, nimepungua, msalimie kaka", ikakatika.

Kozi inaenda miezi sita mpaka tisa hivi. Wiki za mwanzo ndo za kukuvunja ule uraia. Unanyolewa, unakimbia kila unapokwenda, filimbi inapigwa usiku mnatoka nje mkiwa mmevaa kiatu kimoja. Fatiki: kufyeka, kufagia, kubeba kuni, kuosha masufuria makubwa unaingia nusu mwili. Kama ni mwezi wa sita au wa saba baridi la Moshi alfajiri ni la kweli, mtu wa Dar atajuta. Halafu kwata, masaa na masaa, mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka, mmoja akikosea mnarudia wote. Dogo anasema siri ya hizo wiki ni moja, usijulikane jina. Asiyejulikana jina na mwalimu kwa uvivu wala kwa ujanja anapita salama.

Ila msidhani ni mbio tu. Kuna darasa, na wenye akili ya kusoma wanapumua hapo. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, ndo inakuambia kosa ni nini. Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakuambia unakamata vipi, unapekua vipi, mahojiano ya mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi yana masaa manne ya msingi, na ndani ya masaa 24 mtu anatakiwa awe amefikishwa mahakamani. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Na PGO, kanuni za kudumu za polisi, kitabu kinene ambacho kila kitu kimo, toka unavyopiga saluti mpaka unavyotunza kielelezo. Ukitaka kujitangulizia, hizo sheria tatu ziko mtandaoni bure kwa Kiswahili au Kiingereza, zisome ukiwa bado nyumbani unasubiri. Utakuwa mtu wa tofauti darasani, na hata mtaani utaanza kuona polisi gani anajua kazi yake na gani anabahatisha.

Kuna shabaha, kufungua na kufunga bunduki ya SMG mpaka vidole vinakariri, na kuna kwenda porini kwa mafunzo ya medani upande wa Siha, huko ndo dogo hataki kusimulia sana, anacheka tu.

Wenye shahada sikilizeni, maana nyie mnakujaga dukani na suti. Shahada haikupi nyota begani. Unaingia kuruti, unatoka konstebo kama mwenye kidato cha nne, na bado anaweza kukuamuru koplo mwenye V mbili mkononi aliyeishia sekondari, na utasema ndiyo afande. Uofisa unakuja baadaye, kwa kozi nyingine kwenye Chuo cha Taaluma ya Polisi kule Barabara ya Kilwa, Dar. Kama hilo linakuchoma moyo, bora ujue sasa kabla hujalipa nauli ya Moshi.

Siku ya kufunga mafunzo wazazi wanaenda, sisi tulienda na mama, tukakaa juani tangu saa mbili, gwaride linapita wote wamefanana, mama anauliza "yuko wapi?", na mimi simwoni. Tulimjua baada ya paredi kuvunjwa, alikuja yeye, mweusi, shingo imenyooka, akapiga saluti mbele ya mama halafu ndo akacheka. Keshapewa namba yake ya jeshi, ile inayoanza na herufi (wanawake ya kwao inaanza na WP), na hiyo ndo itaandikwa mbele ya jina lake mpaka astaafu.

Alitaka upelelezi. Akapangiwa mkoa ambao hakuna ndugu hata mmoja, kazi za kawaida, maana yake kaunta kuandikia watu RB na lindo la usiku benki. Lindo la kwanza mvua ilinyesha kutwa kucha, akanitumia ujumbe saa tisa usiku, akisema buti zimejaa maji na kuuliza kama ile raba yake ya mazoezi bado ipo chini ya kitanda.